Kiyoyozi kikidondoa maji, chunguza kabla hujamwita fundi

Wakazi wa Mombasa wanalijua vyema joto la mwezi wa Machi. Shati hulowa jasho kabla mtu hajafika kituo cha matatu, na usiku usingizi hauji. Ndiyo sababu familia nyingi zenye uwezo huko Nyali, Kizingo na Tudor zimetundika kiyoyozi chumbani. Lakini chombo hicho kilicholetwa kuondoa adha aghalabu huzua adha nyingine: maji yanayodondoka kitandani, yanayoharibu rangi ya ukuta, au hata kupenya hadi kwenye dari ya jirani wa chini.

Hapo fundi huitwa mbio. Wako mafundi waaminifu na hodari, lakini wapo pia ambao jibu lao kwa kila tatizo ni moja: gesi imepungua, tuongeze. Mteja hulipa, na baada ya wiki mbili maji hurudi pale pale.

Kwanza, msomaji, fahamu kwamba kiyoyozi cha kutundikwa ukutani hakijazwi maji. Maji yanayodondoka yametoka katika hewa ya chumba chako mwenyewe. Itazame chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji: baada ya dakika chache hutokwa na "jasho", ilhali haivuji. Unyevu wa hewa umegusa kitu baridi ukageuka matone. Ndani ya kiyoyozi mna mabomba membamba yenye baridi, na feni huyapulizia hewa ya chumba. Matone huangukia kisinia kilicho chini yake, kisha hutoka nje kupitia mpira.

Kwa hakika, kuondoa unyevu ndiyo kazi iliyozaa chombo hiki. Mwaka wa 1902 Mmarekani Willis Carrier alisanifu mtambo wa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kuharibu uchapaji wa rangi. Katika mji wa pwani kama Mombasa, kiyoyozi kimoja huweza kutoa lita kadhaa za maji kwa siku. Basi maji yenyewe si ugonjwa. Ugonjwa ni maji kukosa njia ya kutokea.

Chombo kikiwa kinafanya kazi, nenda nje utazame ncha ya ule mpira. Ikiwa hewa ina unyevu mwingi na ndani maji yanadondoka, lakini nje hakuna hata tone, yamkini mpira umeziba. Vumbi na utelezi wa ukungu hujikusanya humo, na wadudu hupenda kujenga kwenye ncha. Mpira huo ukifikika kutoka chini, uzibue kwa kuvuta uchafu kwa mashine ya kufyonza inayostahimili maji. Usipulize upepo wa nguvu, kwani maungio yanaweza kuachana ukutani. Hakikisha pia kuwa mpira haukupinda kuelekea juu, na ncha yake haijazama ndani ya ndoo iliyojaa.

Kabla ya kugusa chochote, zima umeme kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti pekee. Maji yakiwa karibu na soketi, au ukisikia harufu ya kuungua, usichunguze lolote. Zima kwenye swichi kuu ya nyumba na umwite fundi. Usithubutu kupanda ngazi kukifuata kifaa cha nje kilichofungwa ghorofani.

Kisha fungua kifuniko cha mbele. Utaona vichujio vya wavu. Vikiwa vimejaa vumbi, hewa haipiti vizuri, mabomba hupoa kupita kiasi na kushika barafu. Barafu hiyo ikiyeyuka, hasa baada ya chombo kuzimwa, maji humwagika kwa wingi kuliko kisinia kinavyoweza kupokea. Usiikwangue kwa kisu, kwani utatoboa mabomba. Acha chombo kimezimwa kwa saa kadhaa, utandike taulo chini. Osha vichujio kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uvianike kivulini, na uvirudishe vikiwa vikavu kabisa. Wakati wa joto, vitazame kila baada ya wiki mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, barafu inarudi ingawa vichujio ni safi, na chumba hakipoi kama zamani? Huenda gesi kweli imepungua. Lakini gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, mahali fulani inavuja. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta palipotoboka amekuuzia wiki chache tu.

Kiyoyozi kikianza kudondoa mara tu baada ya kufungwa au kuhamishwa, shuku ufungaji. Pengine kimeinamia upande usio na mpira, maji yakafurika upande wa pili. Na maji yakichuruzika nyuma yake ukutani, tazama sponji iliyoviringishwa kwenye mabomba ya shaba. Ikichanika, bomba baridi hukutana na hewa yenye unyevu na kutoa jasho kama ile chupa ya soda.

Matone machache kwenye mdomo wa kutolea hewa huenda yasiwe hitilafu hata kidogo. Mlango au dirisha likiachwa wazi, hewa ya nje huingia bila kikomo na kuganda kuwa matone hapo. Funga, kisha utazame kwa saa moja.

Fundi akifika, mweleze maji yanatokea upande gani, yanaanza lini, na kama umeona barafu. Akisema ni gesi, mwombe akuonyeshe inakovujia kabla ya kuongeza. Nanyi mnaoishi katika nyumba za kupanga, mwarifuni mwenye nyumba mapema kwa maandishi, kabla dari ya jirani haijaoza na lawama kuwaangukia ninyi.