Mguu unaouma ukitembea, tiba yake ni kutembea

Mzee akianza kusimama njiani kila baada ya nyumba tatu nne, ameshika kigimbi na kusubiri, watu wa nyumbani huwa na jibu tayari: ni uzee, ni baridi yabisi, miguu imechoka. Wanaompenda huanza kumpunguzia safari. Maji ya kuoga anatengewa karibu, vocha ya simu anatumiwa mtoto, ibadani anapelekwa kwa bodaboda. Ni upendo wa kweli, lakini kuna ugonjwa mmoja ambao upendo wa namna hiyo huuongezea nguvu.

Ugonjwa huo ni wa ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu yenye oksijeni kutoka kwenye moyo hadi vidoleni. Mafuta, lehemu ikiwamo, hujijenga taratibu kwenye kuta za ndani za mishipa hiyo hadi njia ya damu inakuwa nyembamba. Mtu akiwa amekaa, damu kidogo inayopita inatosha. Akianza kutembea, hasa akipanda ngazi au kilima, misuli ya kigimbi inadai damu nyingi zaidi na haiipati. Kigimbi hubana, huwaka moto, mguu unakuwa mzito. Wengine huumwa paja au tako, ikitegemea ateri imeziba wapi. Mgonjwa akisimama, maumivu huisha kwa kawaida ndani ya dakika 10. Akiondoka tena na kwenda umbali uleule, yanarudi.

Kujirudia huko ndiko kunakomsaidia daktari. Goti lenye baridi yabisi leo linauma hatua ya kwanza, kesho linakubali hadi sokoni. Mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni hutulia mtu akikaa au akiinama mbele. Mwenye ateri nyembamba hahitaji kukaa. Kusimama tu kunamtosha. Hata hivyo wagonjwa wengi hawana dalili zilizopangika namna hii, na mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na ganzi miguuni, asisikie kitu hadi kidonda kitokee. Duniani, zaidi ya watu milioni 200 wanaishi na ugonjwa huu, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sigara na kisukari ndivyo visababishi vinavyoongoza, vikifuatwa na presha ya juu, lehemu na umri.

Kipimo chake cha kwanza ni rahisi mno, na inasikitisha kwamba hakiulizwi sana. Mgonjwa analala chali, anapumzika dakika kadhaa. Mhudumu anafunga mkanda wa presha mkononi, kisha juu kidogo ya kifundo cha mguu. Anapaka jeli na kuweka kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti juu ya mshipa. Inasikika sauti ya damu ikipita, fyu, fyu, fyu. Mkanda ukijazwa upepo sauti inakatika, ukiachiwa inarudi, na namba iliyopo inaporudi ndiyo inayoandikwa. Tuseme mkononi ni 140 na mguuni 98. Gawanya ya mguu kwa ya mkono, unapata 0.70. Mguu wenye afya hutoa 1.00 au zaidi kidogo; chini ya 0.90 ni ugonjwa. Jibu likizidi 1.40 mgonjwa asishangilie, maana huenda mishipa imekakamaa kiasi kwamba mkanda hauwezi kuibana, jambo linaloonekana kwa wenye kisukari na wenye maradhi ya figo. Hao hupimwa kwenye kidole gumba cha mguu.

Sasa tuje kwenye tiba. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Denmark, Larsen na Lassen, walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti mdogo ulioonyesha kuwa wagonjwa waliofanya mazoezi ya kila siku waliweza kutembea mbali zaidi. Tangu hapo ushahidi umerundikana. Mwaka 2012, utafiti wa Marekani uitwao CLEVER ulilinganisha mazoezi ya kutembea chini ya usimamizi na kuwekewa stenti, ile neli ndogo ya kupanua mshipa, kwa watu wenye ateri zilizoziba juu ya kinena. Baada ya miezi sita, walioongeza zaidi muda wa kutembea kwenye mashine ni wale wa mazoezi.

Lakini kutembea namna gani? Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapoachwa njiani. Daktari anasema, "Mzee, jitahidi kutembea tembea," na mzee anatembea hadi maumivu yanapoanza, anageuza, anarudi nyumbani. Dk. Mary McDermott wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, amelifanyia kazi swali hili kwa miaka mingi. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 305 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilitembea nyumbani kwa mwendo wa starehe, bila maumivu. La pili lilitembea kwa mwendo wa kuleta maumivu ya wastani hadi makali. La tatu halikupewa mazoezi. Baada ya mwaka mmoja walipimwa umbali wanaoweza kutembea kwa dakika sita, wakienda na kurudi kwenye korido. Waliokubali maumivu waliongeza karibu mita 35. Waliotembea kwa starehe hawakuongeza kitu.

Kwa hiyo mazoezi haya yana dozi yake, kama vidonge. Tembea kwa kasi inayoleta maumivu ndani ya dakika chache. Usisimame yanapoanza, endelea hadi yawe ya wastani au zaidi kidogo, kisha simama au kaa hadi yaishe. Ondoka tena. Rudia hivyo mpaka jumla ya dakika 30 hadi 45, pamoja na za kupumzika, angalau siku tatu kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Anayeanza anaweza kuanza na dakika 10 au 15 na kuongeza kidogo kila wiki. Uwanja wa shule unafaa, korido ya nyumba inafaa. Kitu muhimu ni pa kukaa pawe karibu. Faida huonekana baada ya wiki kadhaa, si siku mbili, na mtu akiacha inapotea.

Wengi huogopa kwamba maumivu yale ni mguu kuharibika. Kwa mtu asiye na kidonda, wala maumivu akiwa amepumzika, sivyo. Kutembea hakuyeyushi mafuta yaliyoziba ateri, lakini misuli inajifunza kutumia vizuri oksijeni kidogo inayofika, na kuta za mishipa zinalegea na kupitisha damu vizuri zaidi.

Jambo lingine: mtu anahitaji mtu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, kundi hilohilo la watafiti lilikutana na wagonjwa kituoni kila wiki kwa mwezi wa kwanza tu, kisha likawaachia kifaa cha kuhesabu hatua na simu za kuwahimiza. Baada ya miezi tisa, hawakutembea mbali kuliko walioachwa bila msaada huo.  Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, tangu 2017 hulipia vipindi 36 vya usimamizi. Familia isiyo na kituo kama hicho inaweza kumpa mzee mjukuu mmoja wa kwenda naye, mwenye subira ya kusimama anaposimama. Asiyeweza kutembea kabisa anaweza kufanya mazoezi ya kuzungusha mikono. Nayo yameonyesha kusaidia.

Mazoezi hayachukui nafasi ya kuacha sigara, wala dawa za kushusha lehemu na za kuzuia damu kuganda. Dawa hizo ni za kuokoa maisha, kwa kuwa mafuta yaliyo kwenye ateri za mguu huwa yapo pia kwenye za moyo na ubongo, na wagonjwa hawa huuawa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Ndiyo maana daktari aupime moyo kwanza kabla ya kuanza. Maumivu ya kifua yakitokea, mazoezi yasimame. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole na akague nyayo kila jioni.

Mguu ukiuma usiku kitandani na kupata nafuu ukining'inizwa, au kidonda kikikataa kupona, mgonjwa asianze mazoezi, aende hospitali. Mguu ukiwa baridi ghafla, umepauka na unauma sana, aende saa hiyohiyo, kwa sababu ndani ya saa chache unaweza kupotea.

Na kama una zaidi ya miaka 50 na unavuta sigara au una kisukari, kliniki ijayo mwambie daktari akupime presha ya mguuni pia.