Neno «armature»: vyuma, viungo na silaha

Siku moja, tulipokuwa tukijenga chapeli kwenye pwani ya Tanganyika, kusini ya Uvira, tulimusomea fundi hesabu ya vyuma iliyoandikwa kwa Kifaransa. Tulipofika kwenye neno «armature», katekista wetu, aliye pia kiongozi wa waimbaji, akatuuliza: «Padri, hata nyumba ina bemoli?» Fundi akacheka, nasi tukacheka. Lakini katekista hakukosea. Neno hilo lina kazi nyingi, na ni vizuri tuzitenganishe, maana tunalikuta hata katika Maandiko Matakatifu.

Asili yake ni Kilatini. Armatura ni vyombo vya vita vya askari. Wenye elimu ya lugha wanasema kwamba shina lake ni moja na lile la artus, yaani viungo vya mwili. Ndio kusema: vitu vilivyounganishwa na kukazana vizuri. Tushike maana hiyo ya kuunganisha, nayo itatufungulia zingine.

Kwa fundi, armature ni vile vyuma vinavyofungwa kwa waya kabla ya kumwaga beto. Watanzania wanaviita nondo. Beto inavumilia kukandamizwa, lakini ikivutwa inapasuka upesi. Chuma kinavumilia kuvutwa. Viwili hivi vikiungana, nguzo inasimama. Lakini chuma kisipofunikwa vizuri, maji yanakifikia, kinapata kutu, kinavimba na kupasua beto toka ndani. Mwenye kupunguza vyuma akumbuke tetemeko la tarehe 5 desemba 2005, lililoangusha nyumba pande za Kalemie.

Kwa muchonga sanamu, armature ni kiunzi cha ndani kinachoshika udongo usianguke. Kwa waimbaji, ni zile dieze au bemoli zinazoandikwa mwanzoni mwa musitari, kando ya ufunguo: ukiona bemoli moja, kila si ya wimbo inashushwa. Katika vitabu vya Kiingereza, ni sehemu ya dinamo yenye nyuzi za shaba, ambamo umeme unazaliwa. Wafaransa wanaiita induit. Popote ni kitu ambacho watu hawakitazami sana, lakini kinashika vingine vyote.

Sasa tumufikie Mutakatifu Paulo. Katika barua kwa Waefezo, sura ya 6, Vulgata inatumia neno armatura. Kigriki ni panoplia, yaani vyombo vyote vya vita pamoja. Katika Kiswahili tumezoea kusema «silaha». Si kosa. Lakini tuangalie nani anayetusikia. Katika Uvira, katika bonde la Ruzizi na katika Fizi, mutoto akisikia «silaha» anawaza bunduki, kwani ameziona. Tukilisema neno hilo bila kulieleza, ataweza kurudi nyumbani akifikiri kwamba Mungu anawasifu wenye bunduki.

Basi tuhesabu pamoja naye: mukaba, kifuniko cha kifua, viatu, ngao, kofia, upanga. Vitano ni vya kumukinga mutu. Kimoja tu ni cha kupiga, nacho Mtume anasema ni Neno la Mungu. Tena, katika sura ya 4 ya barua ileile, amekwisha kufundisha kwamba mwili wa Kristu unashikamana kwa viungo vyake. Asiyeungana na ndugu zake, hata akivaa vyote sita, ni nguzo isiyo na vyuma.

Mufano hauko mbali. Kapiteni Joubert aliwalinda Wakristu wa Mpala kwa bunduki, mwishoni mwa karne ya 19. Mutoto wake, Abbé Albert Joubert, aliuawa Fizi tarehe 28 novemba 1964 pamoja na Padri Giovanni Didonè. Siku ileile Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Hawa wane hawakushika bunduki. Walitangazwa Wenye Heri katika Uvira tarehe 18 agosti 2024.

Mutoto akituuliza silaha za Mungu ni nini, tuanze kwa majina hayo.