Mateka wa Mediterania na Bei ya Uhuru

Katika karne ya 16 na ya 17, Bahari ya Mediterania ilikuwa mpaka kati ya falme za Kikristo, Hispania ikiwa mbele, na Dola ya Osmania pamoja na miji iliyokuwa chini yake huko Afrika Kaskazini, yaani Algiers, Tunis na Tripoli. Pande zote mbili ziliwapa maharamia vibali vya kuteka vyombo na kuvamia vijiji vya pwani, hata mvuvi wa Sicilia na msafiri wa Moroko wakawa katika hatari ileile. Wakristo walivuta makasia ya merikebu za vita za Algiers, nao Waislamu walivuta yale ya Malta, kisiwa kilichotawaliwa tangu 1530 na Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, shirika la kijeshi la Kikristo.

Mateka alifanyizwa kazi kama mtumwa, lakini mwenye ndugu wa kumlipia alikuwa na thamani zaidi, kwa sababu angeweza kukombolewa kwa fidia. Miguel de Cervantes, aliyekuja kuandika *Don Quixote*, alitekwa mwaka 1575 akiwa na barua za sifa kutoka kwa wakubwa wa jeshi, na waliomteka wakamdhania mtu wa cheo, bei yake ikapanda. Mama yake, Leonor de Cortinas, alidai kuwa mjane ilhali mumewe alikuwa hai, ili apate msaada wa serikali. Hatimaye, mwaka 1580, Cervantes alikombolewa kwa escudo 500 za dhahabu na watawa wa Utatu Mtakatifu, shirika lililoanzishwa mwishoni mwa karne ya 12 kwa ajili ya kukomboa mateka. Upande wa Waislamu, kazi hiyo ilifanywa kwa fedha za wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya Mungu, na kwa wajumbe wa masultani.

Wako pia waliobadili dini, ingawa kusilimu peke yake hakukumpa mtu uhuru. Hassan Veneziano, aliyetawala Algiers wakati Cervantes akiwa kifungoni, alikuwa mwenyewe mateka kutoka Venezia aliyesilimu na kupanda vyeo.

Hivyo uadui wa dini ulizaa mikopo, barua na mapatano kati ya watu waliopigana, lakini mapatano hayo hayakuwa ya haki, kwani uhuru uliponunuliwa kwa fedha, maskini asiye na ndugu wa kumtetea ndiye aliyezeeka katika minyororo.