Kilumi: Mgonjwa Anaposikilizwa



Huko Kitui na Makueni, mwanamke aliyeugua muda mrefu, hana usingizi wala hamu ya kusema na watu, zamani alipelekwa kwa mundu mue, mwaguzi wa Kikamba. Aghalabu jibu lilikuwa kwamba ameshikwa na roho, nayo yataka ngoma. Ngoma hiyo ni kilumi, ya wanawake watu wazima.

Mgonjwa huwekwa katikati. Ngoma ndefu hulia, kina mama huimba na kupiga makofi, naye hutetemeka, kisha hucheza hata aishiwe nguvu. Ndipo roho hunena kwa kinywa chake na kudai zawadi. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani miaka ya 1911 na 1912, aliandika habari za kushikwa huku, na kwamba wengi walikuwa wanawake. Sisi hatukustaajabu. Yule ambaye nyumbani neno lake halikuwa na uzito, sasa ukoo mzima umenyamaza kumsikiliza, na mumewe anahangaika kutafuta alichokitaka!

Tusijifanye wageni; pwani nasi twazijua ngoma za pepo. Masheikh wetu wamezikataza, kwani kumwomba asiyekuwa Allah ni shirki, na katika hilo hatuna mjadala. Lakini kina mama wale waliacha kazi zao wakakaa na mwenzao mpaka usiku, na hilo halina shirki ndani yake.

Ama sauti na ala, maulamaa wamehitilafiana. Katika hospitali ya Sultani Bayezid II mjini Edirne, iliyokamilika mwaka 1488, msafiri Evliya Çelebi aliandika kwamba waimbaji na wapiga ala waliwatumbuiza wagonjwa mara tatu kwa wiki.

Huko Makueni, shirika la Africa Mental Health Foundation liliwakutanisha waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa afya, wazungumze juu ya wagonjwa wao. Mgonjwa ni yule yule, hubisha milango yote mitatu.

Kwetu, mama aliyejifungua akinyamaza wiki nzima, twamwambia, "Soma Qur'ani, mwanangu, utapoa," kisha twavaa buibui twaenda zetu. Qur'ani ni shifaa, naam. Lakini nani alibaki naye akamsomea, na nani alimpeleka kwa daktari?