Kabla ya sindano ya baridi yabisi, itafute kwanza TB iliyolala

Maswali kuhusu sindano za kibayolojia yamerundikana mezani kwangu kiasi kwamba kumjibu msomaji mmoja mmoja hakutoshi tena. Mama mmoja wa Tanga, ambaye vidole vyake vimeanza kupinda, anauliza kama ni kweli dawa hiyo "inamaliza kinga yote, unabaki kama mwenye UKIMWI". Kijana mwenye soriasi ameambiwa na jirani yake kuwa mtu akifikishwa kwenye sindano, ujue madaktari wamekata tamaa. Wa tatu ameandika kwa furaha: amenunua unga wa mizizi kwenye kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, siku ya pili maumivu yakakoma, sasa ahangaike na sindano ya bei mbaya ya nini? Huyu wa tatu ndiye anayenitia hofu kuliko wote.

Kwanza tuyaondoe yale ninayoyasikia kila wiki. Baridi yabisi ninayoizungumzia hapa, ile inayovimbisha vifundo vya mikono yote miwili na kukakamaza vidole asubuhi, haiji kwa kuoga maji ya baridi wala kwa kulala sakafuni. Haitokani na kurogwa. Wala si gauti, ingawa siku hizi kila kiungo kinachouma kinaitwa gauti na mgonjwa anapigwa marufuku nyama. Gauti ni asidi ya yuriki iliyoganda ndani ya kiungo. Baridi yabisi ni kinga ya mwili kuushambulia utando wa kiungo chake yenyewe. Anayeacha nyama miaka mitatu akidhani anajitibu amepoteza miaka mitatu ya tiba, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi.

Sasa tuje kwenye sindano. Nyingi kati ya zinazotumika kwa baridi yabisi, kwa soriasi, kwa ugonjwa wa Crohn wa utumbo na kwa ule unaogandisha uti wa mgongo, zinalenga protini moja inayoitwa TNF. Lloyd Old na wenzake wa New York waliieleza mwaka 1975 kama kitu kinachoua seli za saratani katika panya, na jina lake la kisayansi bado linabeba historia hiyo. Kazi yake ya kila siku ni nyingine: TNF ni mbiu ya mgambo ya mwili. Ikilia, mishipa midogo ya damu hulegea, chembe nyeupe humiminika, homa hupanda. Vijidudu vikishindwa, mbiu hunyamaza. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi hainyamazi.

Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana ni mojawapo ya visa vizuri kabisa vya tiba ya karne iliyopita. Katika miaka ya 1980 ilikwisha kujulikana kwamba ndani ya kiungo kilichovimba hakuna ishara moja tu. Zipo nyingi, zinachocheana. Wataalamu wengi walisema kuziba moja ni kazi bure, kwa kuwa zilizobaki zitaendelea. Mwaka 1989, London, Fionula Brennan akiwa na Marc Feldmann, Ravinder Maini na wenzao walichukua seli kutoka kwenye viungo vya wagonjwa, wakazikuza maabara na kuzitilia kingamwili inayoizuia TNF peke yake. Ishara nyingine kubwa, iitwayo interlukini-1, nayo ikashuka. Kumbe TNF ilikuwa imekaa juu ya nyingine. Ukiikamata hiyo, zilizo chini yake hupungua zenyewe. Mwaka 1992 wakaanza kuwatibu wagonjwa katika Hospitali ya Charing Cross. Wagonjwa 20 wa kwanza walipata nafuu ya haraka ambayo dawa zao za awali hazikuwapa. Wiki zilipopita bila dozi nyingine, ugonjwa ukarudi. Mambo hayo mawili, nafuu na kurudi kwa ugonjwa, ndiyo ukweli wa dawa hizi mpaka leo: zinadhibiti, haziponyi. Na wapo wasiopata nafuu kabisa kwa dawa ya kuzuia TNF, ambao hubadilishiwa aina nyingine.

Kwa nini sindano na si kidonge? Kwa sababu dawa yenyewe ni protini. Adalimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2002, ni kingamwili inayotengenezwa na seli za mnyama mdogo aitwaye hamsta zinazokuzwa kiwandani, na molekuli yake moja ina uzito zaidi ya mara 800 ya molekuli ya aspirini. Ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya yai. Ndiyo maana hudungwa chini ya ngozi ya paja au tumbo, kwa kawaida miligramu 40 kila baada ya wiki mbili. Sindano haina uhusiano wowote na kukata tamaa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka adalimumabu katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa mama wa Tanga, basi: hapana, haimalizi kinga yote. Virusi vya UKIMWI huua chembe zinazoongoza kinga. Dawa hii huzuia ishara moja, na ukiiacha ishara hurudi. Lakini ishara hiyo moja ina kazi ambayo kwetu hatuwezi kuipuuza.

Takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa kifua kikuu. Wengi wao hawaumwi, kwa sababu chembe nyeupe zimewazingira bakteria hao na kuwafungia ndani ya kijivimbe kidogo. Hawajafa, wamelala. Kinachozifanya chembe hizo ziendelee kushikana ni TNF. Ukiizuia, ukuta hulegea na waliolala huamka. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa za watu 70 waliopata TB baada ya kutumia infliximabu, ndugu ya adalimumabu, wengi wao ndani ya miezi michache. Zaidi ya nusu TB yao ilikuwa nje ya mapafu: kwenye tezi, kwenye tumbo, hata kwenye utando wa ubongo. Mtu wa namna hiyo anaweza asikohoe hata kidogo. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zimo katika orodha ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo kwetu kipimo hiki ni sehemu ya dawa.

Kipimo kinaweza kuwa cha ngozi au cha damu, pamoja na eksirei ya kifua. Cha damu hakichanganywi na chanjo ya BCG tuliyochanjwa wengi wetu utotoni. Ikionekana TB iliyolala, unaanza tiba yake, na kwa kawaida sindano husubiri angalau mwezi mmoja.

Turudi kwenye kikopo. Unga wa "mizizi" unaoondoa maumivu ya viungo kwa siku mbili, mara nyingi ukipimwa maabara hukutwa umetiwa deksamethasoni au prednisoloni. Hizo ni steroidi, dawa za hospitali, zimesagwa kwa siri bila kipimo na kuuzwa kwa jina la asili. Mganga anayefanya hivyo hatibu, anadanganya, na uongo wake unaua kwa njia ambayo mteja hataijua. Steroidi huuzima uvimbe, uso ukavimba, sukari ikapanda, mifupa ikadhoofika. Pia huweza kukifanya kipimo cha TB cha ngozi kisionyeshe kitu hata kama bakteria wapo, na kuvuruga cha damu. Daktari anasoma "hana TB", anaandika sindano, na ukuta unabomolewa juu ya bakteria ambao hakuna aliyejua wapo. Kama umewahi kutumia unga huo, mwambie daktari na umpelekee kikopo, ila usiuache ghafla peke yako: tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimezoea kutofanya kazi, na mtu anaweza kuanguka.

Mengine kwa haraka. Pimwa homa ya ini B pia, maana nayo huamka. Ukiwa kwenye sindano usipewe chanjo hai, ikiwemo ya homa ya manjano. Wasafiri wapange mapema. Homa au kupungua uzito bila sababu, nenda hospitali kabla ya dozi inayofuata. Kuruka dozi ovyo huupa mwili nafasi ya kutengeneza kinga dhidi ya dawa yenyewe. Kama umeandikiwa metotreksati, ambayo kwa kawaida hutangulia sindano au huenda nayo pamoja, ni mara moja kwa wiki. Kila siku inaweza kuua. Sindano ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Adalimumabu huvumilia nje ya friji hadi siku 14 lakini kwa joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam au Mombasa umeme ukikatika joto la chumba hulipita hilo, hivyo uwe na kiboksi cha barafu, dawa isiguse barafu.

Na kuhusu bei: kingamwili za makampuni mengine zinazoiga adalimumabu zilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2018, kwa bei ya chini. Si feki. Hupimwa dhidi ya ile ya awali kabla ya kuidhinishwa. Daktari akikuandikia mojawapo, ikubali, mradi ununue kwenye duka la dawa lililosajiliwa lenye friji inayofanya kazi.