Nasaba Isiyoonekana kwa Macho

Mtu ashukaye kutoka milima ya Mbinga mpaka Mbamba Bay, akatazama maji ya Ziwa Nyasa penye mawe, huona samaki wadogo wa rangi nyingi, wengine buluu, wengine manjano, wengine wenye mistari. Hao ni jamaa moja na perege, na aina zao ziwani humo ni mamia, nyingi mno zisizopatikana penginepo duniani. Je, zimetoka katika shina moja, au kila moja ina asili yake mbali?

Macho peke yake hayatoshi kuhukumu. Katika Ziwa Tanganyika wako samaki wafananao mno na baadhi ya hawa wa Nyasa kwa umbo, midomo na meno, hata mtu angedhani ni ndugu. Lakini mwaka 1993 wataalamu walilinganisha DNA zao, yaani maandishi ya urithi yaliyomo mwilini, wakaona kwamba samaki wa Nyasa ni ndugu wa karibu wao kwa wao, kuliko wafanani wao wa Tanganyika. Mwaka 2018, uchunguzi wa aina 73 za Nyasa ulionyesha kwamba kwa wastani aina mbili hutofautiana kwa herufi 1 mpaka 2.5 tu katika kila 1,000.

Hoja hii ni nzito. Lau maandishi hayo yangalifuata umbo na kazi tu, wenye meno sawa wangalikaribiana. Haikuwa hivyo, yalifuata nasaba.

DNA ndiyo iagizayo protini, nazo ni minyororo ya vipande viitwavyo asidi amino. Protini iitwayo sitokromu c, isaidiayo mwili kupata nguvu katika chakula, ina vipande 104 kwa mwanadamu. Ya sokwe haina tofauti hata moja na yetu. Ya farasi ina tofauti 12. Ya hamira zaidi ya 40. Na kazi yake kwa wote ni ile ile.

Vijana wetu watazikuta habari hizi shuleni, nao watatuuliza. Wako Waislamu wazikubalio zote, wako wamtengao Adamu na wanyama, na wako wazikataao. Kila mzazi ana haki ya kutoa hoja yake. Lakini kwanza na azijue hesabu zenyewe. Mtoto aliyenyamazishwa nyumbani atakwenda kuuliza kwingine.