Fahamu: Mfumo wazi wa kwanta ni nini, na kasi yake hupangwa na nini?

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Swali moja kubwa katika sayansi hiyo ni kasi ambayo mfumo wazi wa kwanta hubadilika.

Ni nini?

Ni kitu kidogo mno, kama elektroni au atomu, kinachobadilishana nishati au taarifa na mazingira yake.

Mfano wa karibu

Taa za LED huwaka majumbani Kidahwe, mkoani Kigoma, na huvuta dagaa usiku Ziwa Tanganyika, kazi iliyofanywa zamani na karabai. Ndani ya chipu ya taa hiyo, elektroni hushuka kutoka nishati ya juu na kutoa mwanga, yaani huipa mazingira yake nishati. Chipu ikipata joto zaidi, sehemu kubwa zaidi ya nishati huishia kuwa joto.

Nini hupanga kasi?

- Nishati: Wanafizikia Mandelstam na Tamm (1945) walionyesha kuwa mtawanyiko wa nishati ukiwa mdogo, badiliko huchukua muda mrefu. Margolus na Levitin (1998) waliongeza kikomo cha kasi kinachotegemea wastani wa nishati.
- Mazingira: Mwanafizikia Edward Purcell (1946) alieleza kuwa kasi ya kutoa nishati hubadilika kulingana na kinachoizunguka atomu.
- Kumbukumbu ya mazingira: Utafiti wa 2013 ulionyesha kuwa mazingira yanayorudisha taarifa kwenye mfumo yanaweza kuuharakisha.

Kwa nini ni muhimu?

Kompyuta ya kwanta huhitaji kufanya hatua zake za hesabu kabla mazingira hayajazivuruga. Kujua kikomo cha kasi huwasaidia wahandisi kupanga muda wa hatua hizo.